Mawe Kumi na Manne

Shangazi Mbuke anachambua dagaa, ananiuliza:
"Haya, huko Japani umeona nini?"
Nami, fundi majokofu wa kiwanda cha minofu,
niliyepelekwa wiki tatu
kujifunza maradhi ya kompresa mpya,
namjibu kweli tupu: "Mawe."

Jumapili moja walitupa nafasi.
Nikapanda treni peke yangu hadi Kyoto,
mji wa wafalme wa kale,
ambako hata mvuke wa supu hupanda kwa adabu.
Nilitembea tangu asubuhi: malango mekundu,
mapaa yaliyokunja ncha kama kope,
bibi mmoja akifuta kwa kitambaa
ngazi ambazo mimi ningezipita na matope yangu.
Kisha nikalipa, nikavua viatu,
nikakaa kwenye baraza la mbao
lililong'arishwa na makalio ya karne nzima.
Mbele yangu, ua.

"Ua la kunusa?"
"Ua la nyumba, shangazi. Halina hata jani la mchicha.
Kokoto nyeupe, zimechanwa kwa reki,
mistari, mistari, kama wewe ukishafagia alfajiri
kabla kuku hawajaharibu.
Na mawe kumi na matano, yamekaa tu."
"Kiingilio?"
"Bei ya sato mmoja, wa wastani."
Anacheka mpaka ungo unamwaga.
"Mtoto wa Mabatini! Umevuka bahari
kwenda kulipia mawe!"

Wala hakosei. Kwetu jiwe ni ukuta wa jiko,
ni kianikio cha nguo za shule,
ni jukwaa la mjusi wa waridi na buluu
anayepiga pushapu bila kocha.
Mlima umejitwisha mawe, mawe yametubana sisi,
bati kwa bati,
na ziwa kule chini linametameta
bila kuuliza nani kakata tiketi.

Lakini sikumwambia yote.
Pale barazani nilihesabu: kumi na manne.
Nikasogea kushoto. Kumi na manne.
Nikaenda hadi mwisho, nikahesabu kwa kidole;
moja likachomoza, jingine likajificha.
Mlinzi, mzee wa glavu nyeupe,
akaninyooshea vidole kumi, kisha vitano,
akafumba kimoja, akacheka bila sauti.
Ndivyo lilivyopangwa ua lile:
popote ukaapo, kuna moja hulioni.

Nikaacha kuhesabu.
Ndipo nikasikia nyundo.

Si pale. Pale palikuwa kimya hadi unasikia soksi za watu.
Nyundo ya nyuma ya nyumba yetu,
na moshi wa tairi lililochomwa juu ya jiwe
mpaka jiwe likohoe, lipasuke,
na shangazi, kanga kaifunga puani,
anaponda, ndoo baada ya ndoo.
Lori la kokoto likiondoka
anahesabu noti mara mbili,
anazichomeka katikati ya daftari langu la hisabati.
Jiwe lilikuwa kubwa kuliko nyumba.
Likapungua darasa kwa darasa.
Nilipopata cheti cha ufundi
palibaki shimo,
akalijaza udongo, akapanda matembele.

"Nionyeshe picha," anasema.
Anaishika simu mbali, macho kayakunja,
midomo inacheza, kidole kinatembea,
kile kisicho na ukucha.
"Kumi na manne. Wamekuibia moja."
"Lipo, shangazi."
"Lipo wapi?"

Nimeinama kuokota dagaa waliomwagika.
Hanisubiri nijibu. Maji yamechemka,
na mboga haijachumwa, na jua ndilo hilo
linaingia Saanane.
"Nenda," anasema, "na usinikanyagie matuta."

Nilivua viatu.